Gia Juu ya Mawe ya Sauna

Verna Pelkola hakuwahi kuazima spana kwa mtu, na wala si kwa sababu alikuwa nazo za kutosha. Sababu ilikuwa shemeji yake, Waino, kaka wa mumewe, aliyekaa nyumba ya juu kwenye barabara ileile ya changarawe na aliyemiliki sanduku jekundu la zana za dukani, refu kama jokofu, lenye kufuli. Kumwomba Waino spana ilikuwa sawa na kumwomba akutukane. Angekupa, halafu kila Jumapili kanisani, kikombe cha kahawa mkononi, angewahadithia watu jinsi ulivyoishika vibaya. Verna aliomba mara moja tu, enzi za ubibi harusi wake, na aliyoyasikia yalimtosha. Tangu hapo kila kilichohitajika kufungulia injini alikitengeneza mwenyewe.

Ukuta wa gereji yake ulikuwa kichekesho kwa asiyejua. Kishikio cha kuzuia puli, lile gurudumu la mkanda wa injini, isizunguke kilitokana na kisu cha mashine ya kukatia majani. Alikitoboa matundu mawili na kukichomelea bomba la mpini. Kibanio cha springi za valvu kilikuwa bawaba ya mlango wa zizi. Bomba la kugongea gia iingie mahali pake lilikuwa mguu wa kitanda cha mama mkwe wake, na hilo Verna alilipenda kuliko zana zote, kwa kuwa hata mama mkwe alikuwa amewahi kumkosea. Pula, yaani kile kifaa chenye makucha cha kung'olea gia iliyokaza, aliiunda kwa vipande vya springi ya lori bovu na boliti ndefu za reli alizookota kwenye mgodi wa shaba uliofungwa zamani. Palipokosekana chuma alitumia kamba. Aliisokomeza kamba ya pamba ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, akaizungusha injini taratibu mpaka pistoni ikaibana kamba dhidi ya valvu zisidondoke, kisha akabadilisha springi bila kufungua kichwa cha injini. Waino aliposikia habari ya kamba alicheka hadi akakohoa.

"Huyo hafanyi umakanika," aliwaambia watu. "Huyo anafuma soksi."

Basi hivyo ndivyo walivyoishi, hawaivi chungu kimoja, miaka nenda miaka rudi. Reino, mume wa Verna, alikuwa mtu mpole aliyejifanya hasikii. Jambo moja tu liliwaunganisha: sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke walichorithi kwa Wafini. Ndugu wale wawili waliijenga kwa magogo katikati ya viwanja vyao, nusu huku nusu kule, na mama yao akaweka sheria kabla chokaa haijakauka. Ukivua nguo unavua na ugomvi. Ndani ya kile chumba cha mvuke hakuna kupaza sauti, hakuna habari ya mipaka wala ya nani alimwambia nani nini. Jumamosi ni siku ya sauna, basi. Reino alipofariki majira ya kuchipua, Verna na Waino waliendelea. Verna aliwasha jiko mchana, akaingia yeye kwanza, akatoka, akaingia Waino. Wakipishana mlangoni mmoja alisema, "Kuni zipo," na mwingine akajibu, "Nimeziona." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kwa wiki nzima.

Siku ya mazishi ya Reino, binti yake wa pekee, Marlene, alimweka mama yake kiti moto mbele ya watu wote waliokuwa wakila mkate wa iliki.

"Mama, huwezi kukaa huku peke yako. Njoo mjini. Chumba juu ya gereji yetu kipo tupu."

"Mradi nafungua barabara yangu mwenyewe, nakaa kwangu," Verna alisema. "Siku theluji ikianguka nikashindwa kuifungua, njoo na lori unibebe. Sitabisha."

Waino, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaweka kikombe chini. "Umesikia, Marlene? Asiyeweza kufungua barabara yake hafai kukaa huku. Hiyo iwe sheria kwa kila mtu." Alisema vile akimtazama Verna, na kila mtu alijua analenga nani.

Theluji ya Peninsula ya Juu ya Michigan, kaskazini mwa Marekani, si ya kutolewa kwa fagio. Pale bila pikapu yenye sepeto kubwa la chuma mbele, unazikwa ukiwa hai. Ndugu wale walinunua pikapu mbili pacha mwaka mmoja, na ya Reino sasa ilikuwa ya Verna. Ikamfia mwezi wa Novemba, palepale penye sanduku la barua, mbele ya dirisha la Waino, kana kwamba imechagua mahali. Verna alifungua mbele ya injini akakuta gia ndogo ya kreki shafti, ile inayovuta cheni ya valvu, imepukutika meno kama bibi kizee. Maduka hayakuwa nayo tena. Ilimbidi apige simu kwa wauza vyuma chakavu wa majimbo mawili mpaka mmoja akaipata kwenye injini iliyokuwa imelala uwanjani. Wakati anaingoja, Waino alishamwandama Marlene kwa simu.

"Gari la mama yako limekufa. Mimi nakwambia tu kwa sababu wewe ni damu yangu."

Marlene akampigia mama yake. Hakuwa binti mbaya. Alikuwa amechoka kuamka kila redio ikitangaza dhoruba. "Jumapili theluji inaanguka, mama. Jumatatu nakuja na Doug na lori. Nikikuta barabara imefunguliwa, nakunywa kahawa narudi zangu, na sitakusumbua tena kipupwe hiki. Nikikuta imeziba, ulisema mwenyewe."

"Nilisema mwenyewe," Verna alijibu, na akakata simu kwa nguvu hata mkono ukamuuma.

Gia ilifika Ijumaa jioni, yenye kutu lakini meno yote. Gia ile haiingii kwa kubembelezwa. Lazima ipate moto itanuke, ndipo uitelezeshe haraka kwenye shafti na kuigonga mara chache kabla haijapoa. Verna na Reino walizoea kupasha vyuma vya namna hiyo juu ya mawe ya jiko la sauna, yanayowaka kuliko tanuri lolote la jikoni. Lakini walifanya siku za kazi, kwa siri, kisha wakayasugua mawe mpaka yakasahau. Jumamosi hawakuthubutu. Jumamosi hii Verna alithubutu. Saa zilikuwa zinamkimbia na Waino alikuwa amemkalia kooni, na alijiambia kwamba atakuwa amemaliza kabla pua ya shemeji yake haijanusa kitu. Hapo alikosea, na mimi sitamtetea. Pua ya Waino ilikuwa na umbea kushinda mdomo wake.

Gia ilikaa juu ya mawe, mafuta ya zamani yakafuka moshi mweusi. Verna alipoona imeiva alikimbilia gereji kuchukua koleo. Aliporudi, Waino alikuwa amesimama ndani ya sauna na taulo kiunoni, miguu myembamba nje, kata ya maji mkononi.

"Umechoma nini humu?"

"Usiguse kitu. Naitoa sasa hivi."

"Leo Jumamosi, shemeji."

"Siku naijua. Weka hiyo kata chini."

"Mama yangu amekufa hajaona takataka juu ya mawe haya."

"Mama yako amekufa hajaona mengi. Waino, weka chini."

Waino aliitazama gia. Alikuwa fundi pia, na mtu asije akadanganywa kwamba hakujua. Alijua chuma cha namna ile kikimwagiwa maji kikiwa kimewaka kinafanya nini. Aliinua kata akaimwaga yote, polepole, kama mtu anayemwagilia ua. Mvuke ulilipuka ukawafunika wote wawili, na ndani ya mvuke ule kikasikika kitu kidogo kikavu, pa.

Mvuke ulipotulia gia ilikuwa na ufa kutoka kwenye tundu mpaka kwenye meno. Verna aliishika kwa koleo, akaigeuza mwangani, na ikamkatikia vipande viwili.

"Mawe ya sauna yanamwagiwa maji," Waino alisema. "Ndiyo kazi yake."

"Ulijua."

"Mimi nilijua kuna uchafu juu ya jiko la mama yangu."

"Ulijua, mshenzi wewe! Utanilipa gia. Unayo kama hii ndani ya pikapu yako, na huku kwetu anayevunja cha mtu anarudisha!"

"Iko ndani ya pikapu yangu na itabaki hukohuko." Waino akatundika taulo lake msumarini, akakaa kwenye benchi uchi kama alivyozaliwa, akafumba macho. "Halafu punguza sauti. Kwenye sauna hatugombani."

Verna alisimama na koleo mkononi, na kwa kitambo kidogo alimchukia kiasi kwamba alijiogopa. Kisha akatoka, akafunga mlango taratibu. Hakuoga siku ile. Alikwenda jikoni akakaa kwenye kiti cha Reino, akalia kwa hasira, machozi ya mtu anayetaka kuvunja kitu na vyote vilivyo mbele yake ni vyake. Aliona kile chumba juu ya gereji ya Marlene, zulia la kijivu, dirisha linalotazama maegesho ya magari. Aliwaona watu wakimletea chakula kwenye trei. Afadhali azikwe kwenye theluji.

Jumapili asubuhi mzee Maki na mkewe walimpitia Waino kwa gari lao kwenda kanisani, kama kawaida. Waino aliihifadhi pikapu yake kwa ajili ya theluji tu. Gari la Maki lilikuwa bado halijakata kona Verna alipoingia uani kwa Waino na ndoo ya zana. Hakuingia kwa kunyata. Aliinua boneti ya pikapu ya shemeji yake mchana kweupe, akamwaga maji ya rejeta, akatoa feni. Boliti ya puli iligoma. Akaweka kile kisu cha mashine ya majani kizuie puli, akaingiza bomba refu kwenye spana, akaning'inia nalo uzito wake wote mpaka boliti ikatoa mlio na kulegea. Akafungua kifuniko, akashusha cheni, akafunga makucha ya pula nyuma ya gia na kuikaza ile boliti ya reli. Mikono ilimfa ganzi. Kila alipoona vidole havishiki, aliviingiza kwapani, akatukana kwa Kifini, lugha aliyofundishwa na bibi yake kwa ajili ya kusali, na akaendelea. Gia ilitoka nzima.

Alijua anachofanya. Alijua kwamba bila gia ile Waino naye hafungui barabara, na kwamba theluji inayokuja haichagui. Alijua na akafanya, na roho yake ilikuwa nyeupe kabisa. Vifaa vyote vilivyobaki alivipanga barazani kwa Waino juu ya magazeti, boliti ndani ya bati la kuokea keki, kila moja kwenye kishimo chake, ili mtu asije akasema kwamba Verna Pelkola ni mwizi mchafu.

Chembe za kwanza zilianza kudondoka alipokuwa anachemsha mafuta. Sauna hakutaka hata kuitazama. Aliitumbukiza gia ndani ya sufuria ya mafuta ya nguruwe, palepale jikoni, na kungoja mpaka tone la maji lililorushwa liruke kwa hasira. Akaiopoa, akakimbia nayo gereji, akalinganisha alama zake, akaitelezesha kwenye shafti. Ikaingia nusu, ikasimama. Verna akashika mguu wa kitanda cha mama mkwe, akaugonga kwa nyundo mara tatu nne.

"Ingia, mwanaharamu. Ingia."

Ikaingia.

Waino alirudi kutoka kanisani akaona baraza lake. Alishuka mpaka gereji ya Verna, koti la suti halijafungwa vifungo, akaanza kuupiga mlango kwa koleo la theluji. Mlango ulikuwa na komeo la ndani.

"Verna! Fungua! Umenichinja gari!"

"Nimechukua changu!"

"Namwita sherifu!"

"Mwite! Na umwonyeshe ile kata!"

"Mchawi wewe! Mdogo wangu alikufa kabla ya siku zake kwa sababu yako!"

Verna aliacha spana. Maneno mengi walikuwa wameshatupiana, lakini hilo halikuwahi kutupwa. Kwa sekunde mbili tatu pangeweza kutokea kitu kingine. Halafu Verna akasema, bila kupaza sauti, "Nenda ukafume soksi, Waino," na akaendelea kukaza boliti. Kabla ya chakula cha jioni injini iliwaka, ikakohoa, ikatulia, ikanguruma kama zamani.

Jumatatu asubuhi theluji ilikuwa magotini na bado inaanguka. Verna aliifungua barabara yake kutoka mlangoni hadi njia kuu, akarudia upande wa pili, akapanua penye kona, akaichonga kingo mpaka ikawa imenyooka kama ukumbi wa kanisa. Alipofika kwenye kijia cha Waino aliinua sepeto, akapita, akalishusha mbele. Theluji aliyoisukuma ikabaki mdomoni mwa kijia kile kama ukuta.

Marlene na Doug, mumewe, walikuja na lori tupu la kubebea samani. Marlene alishuka, akaitazama barabara, akamtazama mama yake aliyesimama uani mikono kiunoni, akacheka bila kutaka.

"Haya, mama. Umeshinda. Kahawa ipo?"

Hawajaingia ndani, Waino akatokea. Alikuwa ametembea kwa miguu katika theluji ile, mzee wa miaka sabini na kitu, suruali imelowa mpaka mapajani, anahema vibaya.

"Mwambie binti yako," alisema. "Mwambie gia iliyomfungulia barabara ni ya nani."

"Ya kwako," Verna alisema. "Na yangu uliipasua."

Kila mmoja akaeleza kwa kelele, na Marlene akasikiliza yote: gia, maji, mawe, pula, magazeti barazani. Alipoelewa, uso wake ulipoteza rangi. Alimtazama baba yake mkubwa, midomo yake ya bluu na suruali yake iliyolowa, na akafanya hesabu ambayo hao wawili kwa chuki yao hawakuifanya.

"Baba mkubwa, nyumbani kuna kuni za siku ngapi?"

"Zipo bandani."

"Bandani unafikaje? Na ukianguka, gari la wagonjwa linafikaje? Gari lako limefunguliwa kifua, na hiyo gia sasa imo ndani ya pikapu ya mama." Marlene aliikunja mikono yake. "Wewe ndiye uliyesema asiyefungua barabara yake hafai kukaa huku. Ulisema kwa kila mtu. Utakuja na sisi. Chumba kipo tayari."

Waino akageuka akaitazama nyumba yake kule juu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Alimgeukia Verna, akamtazama bila dharau, akangoja.

Marlene naye akaelewa. "Mama, unaweza kumfungulia yeye pia? Ni hatua chache tu."

"Naweza," Verna alisema.

"Utamfungulia?"

Neno la ndiyo lilikuwa mdomoni. Lilikuwa dogo, na halikuwa na uzito wowote, lingetoka tu. Lakini pamoja nalo zilikuwepo ile kata, na lile taulo lililotundikwa, na lile neno kuhusu kifo cha Reino. Verna akatema mate kwenye theluji.

"Hapana."

Waino aliangua kicheko kilekile cha kukohoa. "Huyo ndiye Verna," alimwambia Doug. "Twende, kijana. Hapa pana baridi." Akapanda kiti cha mbele cha lori, kwenye lile blanketi ambalo Marlene alimtandikia mama yake, na hakuangalia nyuma. Kahawa haikunywewa.

Theluji nyingine ilianguka Alhamisi, nzito kuliko ya kwanza. Verna alitoka na pikapu, akasukuma mpaka njia kuu, akarudi. Injini ilikuwa safi, haikukosa hata pigo moja. Usawa wa nyumba ya juu akasimama. Bomba la moshi lilikuwa na kofia ya theluji na dirishani hapakuwa na mtu wa kutikisa ngumi. Akapiga honi, ndefu, ya makusudi, honi ya kumtoa mtu kitandani. Akangoja.

"Toka basi," alisema nyuma ya kioo kilichofungwa. "Toka unitukane, mzee mshenzi." Machozi yalimdondoka, akayaacha, akapiga honi tena.